Damu si bawasiri daima: Jinsi mawimbi ya sauti yanavyopima kina cha saratani ya puru

WAKAZI wengi wa Mombasa bara, kuanzia Mtongwe na Shika Adabu upande wa Likoni, Mishomoroni na Bamburi upande wa Kisauni, hadi Chaani na Port Reitz upande wa Changamwe, wanapoona damu kwenye choo, jina la kwanza linalowajia akilini ni bawasiri.

Wengine husema ni amiba. Wengine hulaumu pilipili ya jana au joto la tumbo. Hununua vidonge dukani, huchemsha mizizi waliyoelekezwa na jirani, kisha husubiri.

Mara nyingi huwa hawakukosea, kwani bawasiri na maradhi ya kuhara damu ni mambo ya kawaida. Hata hivyo, zipo nyakati ambapo damu hiyo hutoka kwenye uvimbe wa saratani ulioota katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kadiri miezi inavyopita, uvimbe huo huzidi kuchimba ukuta wa utumbo huku mwenyewe akijipaka dawa ya bawasiri.

Anapofika hospitalini na ugonjwa ukathibitishwa, swali linaloamua hatima yake ni moja: uvimbe umechimba kwa kina gani?

Miongoni mwa vyombo vinavyotumiwa kujibu swali hilo ni ultrasaundi, mashine ya jamii moja na ile inayofahamika na kila mama aliyewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito. Tofauti ni kwamba kipimio chake ni cha aina nyingine, na hupitishwa njia nyingine.

Puru na maradhi yake

Puru ni sehemu ya utumbo mpana inayofikia kikomo kwenye njia ya haja kubwa. Urefu wake ni kama sentimita 12 hadi 15. Hapo ndipo kinyesi hukusanyika kabla ya mtu kuhisi haja ya kwenda msalani.

Mbele ya puru, kwa mwanamume, kuna kibofu cha mkojo na tezi dume. Kwa mwanamke kuna uke na mji wa mimba. Nyuma yake kuna mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Pande zote puru imezungukwa na mafuta yenye tezi ndogo ndogo za limfu, zile ambazo zikivimba kwenye kinena watu wa Pwani huziita mitoki.

Kwa hivyo puru ni kama nyumba iliyobanwa na majirani katika mtaa wenye vichochoro. Moto ukiwaka humo na usizimwe mapema, hauchukui muda kufika kwa jirani.

Saratani ya utumbo mpana na puru ni ya tatu kwa wingi duniani, na ya pili kwa kuua. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2022 yanaonyesha wagonjwa wapya wapatao milioni 1.9 na vifo vipatavyo 900,000 ulimwenguni. Kwa Kenya, makadirio hayo yaliweka wagonjwa wapya wa saratani za aina zote kuwa zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000 katika mwaka huo, na saratani hii ni miongoni mwa zinazoongoza.

Zamani ilidhaniwa kuwa ni maradhi ya Wazungu na wazee. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki wameandika kwa miaka mingi kwamba sehemu isiyo ndogo ya wagonjwa wao ni watu ambao hawajatimiza miaka 50, na kwamba wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Nchini Marekani, jopo la wataalamu lilipunguza umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45 mnamo 2021, baada ya kuonekana kwamba vijana wanazidi kuugua.

Dalili zake ni damu katika choo, choo chembamba kuliko kawaida, mabadiliko ya ghafla kati ya kufunga choo na kuhara, kuhisi haja haijaisha hata baada ya kutoka msalani, kukonda bila sababu, na uchovu unaotokana na upungufu wa damu. Maumivu huja mwishoni. Huo ndio ujanja wa maradhi haya: huanza bila uchungu.

Mche ulioota ukutani

Ili kuelewa kazi ya ultrasaundi, ni sharti kwanza kuelewa ukuta wa puru. Unene wake ukiwa mzima ni milimita 2 au 3 tu, lakini ndani ya unene huo mna matabaka.

La kwanza ni utando laini wa ndani, mahali ambapo saratani huanzia. La pili ni tabaka la chini ya utando, lenye mishipa ya damu na ya limfu. La tatu ni misuli inayosukuma kinyesi. Baada ya misuli kuna mafuta yanayoizunguka puru.

Anayejua majumba ya kale ya Mombasa amewahi kuona mche ulioota ukutani, mizizi yake ikipenya taratibu. Mwanzoni umeshika rangi tu, na ungeng'olewa kwa vidole. Ukiachwa, mizizi huingia kwenye lipu. Baadaye hupita katikati ya mawe, hutokeza upande wa pili, na hatimaye hupasua ukuta wa jirani.

Saratani ya puru hufuata mwendo huo huo, na madaktari wameyapa matabaka hayo nambari. Uvimbe ulioingia tabaka la chini ya utando tu huitwa T1. Uliofika kwenye misuli ni T2. Uliovuka misuli na kuingia kwenye mafuta ni T3. Ule ulioshika kiungo cha jirani, au uliopasua ngozi nyembamba inayofunika sehemu ya juu ya puru, ni T4.

Herufi N huonyesha iwapo tezi za limfu zilizo karibu zimeingiliwa, na herufi M iwapo maradhi yamesafiri mbali hadi kwenye ini, mapafu au kwingineko. Herufi hizo tatu kwa pamoja ndizo zinazotaja hatua ya ugonjwa, kuanzia ya kwanza hadi ya nne.

Wazo la kupanga saratani ya puru kwa kina si geni. Mwaka 1932 mwanapatholojia Cuthbert Dukes wa hospitali ya St Mark's, London, alionyesha kwamba kina cha uvimbe na hali ya tezi hutabiri iwapo mgonjwa ataishi. Tatizo ni kwamba Dukes alipima nyama iliyokwisha kukatwa. Jibu lilikuja baada ya upasuaji, wakati ambapo uamuzi mkubwa ulikuwa umekwisha kufanywa.

Kilichotakiwa ni chombo cha kupima kina kabla ya kisu kugusa mwili.

Kutia bildi kwa sauti

Manahodha wa majahazi waliokuwa wakiingia bandari za Pwani walikuwa na bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, wakakitumbukiza majini kujua kina. Meli za leo zinazoingia Kilindini hazitupi kamba. Hutuma mlio chini, mlio hugonga sakafu ya bahari, mwangwi hurudi, na muda uliopita kati ya kutuma na kupokea hugeuzwa kuwa mita. Pomboo hutumia mbinu hiyo hiyo kuwinda samaki.

Ultrasaundi ni bildi ya mwilini. Kipimio hutoa mawimbi ya sauti yenye mitetemo mingi mno hata sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mawimbi hupenya nyama, na kila yanapofika mpaka kati ya aina moja ya nyama na nyingine, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Kompyuta huukusanya mwangwi huo na kuuchora kwa rangi nyeupe, kijivu na nyeusi.

Kuna kanuni moja ambayo ndiyo kiini cha suala hili. Sauti yenye mitetemo michache husafiri mbali lakini huchora picha isiyo na undani. Yenye mitetemo mingi huchora kwa ufasaha, lakini haifiki mbali.

Mashine ya wajawazito, inayopitishwa juu ya ngozi ya tumbo, kwa kawaida hutumia mitetemo kama milioni 3 hadi 5 kwa sekunde kwa sababu sharti ifike mbali. Kwa kiwango hicho, ukuta wenye unene wa milimita 3 uliojificha nyuma ya mfupa wa nyonga hauwezi kusomeka tabaka kwa tabaka.

Suluhisho ni kukipeleka kipimio karibu. Kipimio cha puru ni chembamba, kama unene wa kidole, na huingizwa kwa njia ya haja kubwa hadi kifike kwenye uvimbe. Kwa kuwa kiko pale pale, kinaweza kutumia mitetemo milioni 7 hadi 10 kwa sekunde, na vipya zaidi hupita kiwango hicho. Hapo ndipo milimita 3 hugeuka kuwa ramani.

Daktari John Wild, Mwingereza aliyefanya kazi Minnesota, Marekani, pamoja na mhandisi John Reid, walibuni kipimio cha kuingizwa kwenye puru katika miaka ya 1950. Lakini picha za wakati ule hazikutosheleza. Ilibidi kungoja hadi 1983, ambapo Wadenmarki Dragsted na Gammelgaard walichapisha matokeo ya kupima saratani ya puru kwa njia hiyo. Mwaka 1985 Hildebrandt na Feifel wa Ujerumani walipendekeza nambari zitanguliwe na herufi ndogo "u", ili uT2, kwa mfano, imaanishe T2 iliyosomwa kwa ultrasaundi wala si kwa hadubini. Mwaka uliofuata, Beynon na wenzake wa Bristol, Uingereza, walieleza kila mstari unaoonekana kwenye picha unatokana na tabaka gani.

Siku ya kipimo

Wanaoogopa kipimo hiki huogopa wasichokijua. Kwa kweli huchukua dakika chache, na kwa kawaida hakihitaji dawa ya usingizi wala kulazwa.

Kabla ya kuanza, mgonjwa hupewa enema, ile dawa ya maji inayotiwa kwa njia ya haja kubwa, ili puru iwe safi. Mabaki ya kinyesi hurudisha mwangwi wa uongo. Kisha hulala kwa ubavu wa kushoto, magoti akiyakunja kuelekea kifuani, akiwa amefunikwa shuka.

Daktari huanza kwa kidole chenye glavu, kujua uvimbe uko wapi na iwapo kipimio kitapita. Baadaye huingiza kipimio kilichopakwa jeli. Kichwani mwake huwa na kipira kinachojazwa maji, kwa kuwa hewa ni adui wa ultrasaundi na maji ni rafiki yake. Kipimio huzunguka nyuzi 360 na kuchora puru kwa umbo la duara, huku daktari akikivuta polepole kutoka juu kwenda chini.

Mgonjwa huhisi kujaa na hamu ya kwenda haja. Anaweza kuhisi uchungu kidogo iwapo uvimbe uko karibu na mlango. Hakuna mionzi kama ya eksirei, na aghalabu mgonjwa hutoka akitembea na kurudi nyumbani siku iyo hiyo.

Mistari mitano

Kwenye skrini, ukuta mzima wa puru huonekana kama duara tano zilizopangana, nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe.

Duara jeupe la kwanza ni pale kipira kinapogusa utando. Jeusi la kwanza ni utando wenyewe. Jeupe la katikati ni tabaka la chini ya utando. Jeusi la pili ni misuli. Jeupe la mwisho ni mpaka wa misuli na mafuta ya nje.

Uvimbe huonekana kama doa jeusi au la kijivu. Kazi ya msomaji ni kutazama ni duara gani limekatika. Ikiwa jeupe la katikati limechubuliwa lakini halijakatika, ni uT1. Likikatika na doa likaingia kwenye jeusi la pili, huku jeupe la mwisho likiwa zima, ni uT2. Hilo la mwisho likitoboka, ni uT3. Doa likiungana na tezi dume, uke au kibofu bila mpaka kati yao, ni uT4.

Tezi za limfu nazo hutafutwa katika mafuta. Iliyo ya mviringo, nyeusi na yenye kipenyo kinachozidi milimita 5 hutiliwa shaka. Lakini hapa picha si hodari sana, kwani tezi huweza kuvimba kwa sababu nyingine, na ndogo iliyoonekana salama huweza kuwa na chembe za saratani.

Jambo moja halina budi kusisitizwa. Picha peke yake haithibitishi saratani. Kinachothibitisha ni biopsi, yaani kipande kidogo cha nyama kinachokatwa kwenye uvimbe na kutazamwa kwa hadubini maabarani. Biopsi husema uvimbe ni kitu gani. Ultrasaundi husema umefika wapi.

Kwa nini milimita ni suala la maisha

Msomaji anaweza kuuliza: kama ni saratani, si ikatwe tu? Jibu ni kwamba kuna njia nyingi za kukata, na baadhi yake humgharimu mgonjwa kitu ambacho hatakirudisha.

Uvimbe mdogo wa T1 usio na dalili mbaya kwenye hadubini unaweza kuondolewa kwa kupitia njia ya haja kubwa, bila kupasua tumbo. Mgonjwa hubaki na puru yake. Uwezekano wa tezi kuwa zimeingiliwa katika hatua hiyo ni takriban mmoja kati ya kumi. Ukifika T2 huongezeka hadi kama mmoja kati ya watano, na hapo kwa kawaida hushauriwa kuondolewa sehemu ya puru iliyoathirika pamoja na mafuta yote yanayoizunguka. Upasuaji huo ulienezwa na Mwingereza Bill Heald tangu mwishoni mwa miaka ya 1970.

Ukifika T3, au tezi zikiwa zimeingiliwa, mara nyingi kisu hakitangulii. Hutangulia tiba ya mionzi, peke yake au pamoja na kemotherapia, ili kuudhoofisha uvimbe. Jaribio kubwa la Sweden lililochapishwa mwaka 1997 lilionyesha kwamba mionzi ya wiki moja kabla ya upasuaji ilipunguza kurudi kwa saratani mahali pale pale kutoka asilimia 27 hadi 11.

Lakini mionzi nayo ina gharama. Yaweza kudhoofisha uwezo wa kuzuia choo, nguvu za kiume, na uwezo wa mwanamke kushika mimba. Kumpa asiyeihitaji ni dhuluma, na kumnyima anayeihitaji ni kumwalika adui arudi.

Uvimbe ulio chini sana, ulioshika misuli ya kufungia choo, huenda ukamlazimu mgonjwa kutumia mfuko wa kinyesi tumboni maisha yake yote. Kwa fundi wa Magongo, mama mboga wa Kongowea au mpakizi wa bandarini, hilo ni suala la riziki, ndoa na heshima, wala si la tiba tu.

Tofauti ya hatua huonekana pia katika umri wa kuishi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 ambao saratani yao ya puru ilipatikana ingali ndani ya ukuta, takriban 90 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishasambaa mbali, idadi hiyo hushuka chini ya 20.

Bildi nayo hudanganya

Ultrasaundi ya puru ina mipaka, na ni haki ya mgonjwa kuijua.

Kwanza, hutegemea mno jicho na mkono wa anayeitumia. Taarifa za awali kutoka vituo vya mabingwa zilitaja usahihi wa kupima kina unaozidi asilimia 80. Lakini utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2011, uliowahusu wagonjwa zaidi ya 7,000 katika hospitali za kawaida, ulipata kwamba picha ililingana na matokeo ya hadubini kwa takriban asilimia 65 tu. Hospitali zilizopima wagonjwa wengi zilifanya vyema kuliko zilizopima wachache.

Pili, kosa lake la kawaida ni kuikuza hatua. Pembezoni mwa uvimbe huwa na wekundu na uvimbeuchungu ambao kwenye picha hufanana na saratani, hivyo T2 ikasomwa T3. Hali hiyo huzidi iwapo biopsi imefanywa siku chache kabla, au mgonjwa amekwisha kupata mionzi.

Tatu, haipiti mahali palipozibwa. Uvimbe mkubwa uliobana njia hauwezi kupimwa wote, na ulio juu kabisa ya puru huwa vigumu kuufikia.

Nne, haioni mbali. Haiwezi kuonyesha vyema tezi za mbali wala ngozi nyembamba inayofunga mafuta yanayoizunguka puru, ambayo ndiyo mpaka daktari wa upasuaji anaoufuata. Kwa hayo, mashine ya MRI ina uwezo zaidi, na leo ndiyo hutegemewa kwa uvimbe uliokwisha kukua. Ini na mapafu hutazamwa kwa kipimo cha CT.

Kwa hivyo kila chombo kina nafasi yake. Ultrasaundi hung'ara katika kutenganisha T1 na T2, yaani pale ambapo swali ni iwapo mgonjwa anaweza kubaki na puru yake. MRI hung'ara katika T3 na T4. Palipo na vyote viwili, madaktari huvitumia kwa kukamilishana.

Ultrasaundi ya tumbo haitoshi

Kosa linaloweza kumgharimu mkazi wa bara maisha ni kudhani kwamba ultrasaundi zote ni moja.

Mashine za kawaida za ultrasaundi zimeenea. Mpango wa serikali ya taifa wa kukodisha vifaa, uliozinduliwa mwaka 2015, ulizipeleka katika hospitali za kaunti zote 47, na zahanati za kibinafsi mitaani nazo hutangaza huduma hiyo. Mtu mwenye damu katika choo anaweza kupimwa tumbo, akapewa karatasi isemayo kila kitu ni sawa, akarudi nyumbani akiwa ametulia.

Karatasi hiyo huenda ni ya kweli kabisa kuhusu ini, figo na nyongo. Kuhusu puru, haijasema lolote. Hata kipimio kinachotumiwa kupima tezi dume kwa kupitia njia ya haja kubwa, ingawa hupita njia moja, hakikuundwa hasa kwa ajili ya kusoma ukuta wa puru kwa mzunguko wake wote.

Kwa upande mwingine, kuna kipimo kisichohitaji umeme wala mashine, nacho ni kidole cha daktari. Saratani nyingi zilizo sehemu ya chini ya puru huweza kuguswa kwa kidole chenye glavu, katika chumba chochote chenye pazia, iwe ni Likoni, Port Reitz au Kisauni. Mtu mwenye damu katika choo aliyepewa dawa ya bawasiri bila kupimwa hivyo ana haki ya kuomba apimwe.

Baada ya kidole hufuata kamera ya kutazama ndani ya utumbo, kisha biopsi. Ultrasaundi ya puru, MRI na CT huja baada ya hapo.

Daraja, feri na sitara

Kwa mkazi wa bara, hatua hizo humaanisha kuvuka maji. Wa Likoni hupanda feri, wa Kisauni hupita Daraja la Nyali, na wa Changamwe hupita Makupa, wote wakielekea kisiwani iliko Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani pamoja na hospitali kubwa za kibinafsi.

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa Pwani aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alilazimika kusafiri hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, na kungoja zamu. Katika miaka ya karibuni, kituo cha saratani kilijengwa katika hospitali hiyo ya Pwani, sawa na vile vya Nakuru na Garissa. Safari imefupika, lakini foleni na gharama hazijakwisha. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, hivyo ni busara mtu kujisajili na kulipa michango kabla ya kuugua, na kuuliza mapema ni vipimo gani vimegharamiwa na vipi atalipa mwenyewe. Vilevile aulize iwapo hospitali anayotumwa ina kipimio cha puru, la sivyo aelekezwe kwenye MRI.

Kizuizi kingine hakina daraja, nacho ni aibu. Mzee wa heshima huona tabu kulala ubavu mbele ya daktari aliye rika la mjukuu wake. Mama huona tabu zaidi iwapo daktari ni mwanamume. Mambo hayo yana ufumbuzi: mgonjwa anaweza kuomba kuhudumiwa na daktari wa jinsia yake ikiwezekana, au kuwa na mtu wa karibu chumbani, na kufunikwa wakati wote. Kwa Mwislamu aliye katika mwezi wa Ramadhani, wanazuoni wana maoni mbalimbali kuhusu enema na saumu. Basi aulize, ama kipimo kipangwe usiku au siku nyingine, mradi kisiahirishwe kwa miezi.

Anayekwisha kuambiwa ana saratani ya puru ana maswali matano ya kumuuliza daktari. Je, biopsi imethibitisha? Uvimbe uko sentimita ngapi kutoka mlangoni? Hatua ya T na N ni ipi, na imepimwa kwa chombo gani? Je, mionzi itatangulia upasuaji, na kwa nini? Nitahitaji mfuko wa kinyesi, na kama ndiyo, ni wa muda au wa kudumu?

Daktari mwema hatachukia maswali hayo. Asiyeweza kuyajibu bado hajamaliza kupima.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mche ungali kwenye rangi ya ukuta hung'olewa kwa vidole, na anayeona damu leo anaweza kuanza kwa kidole kimoja tu, kile cha daktari, kabla hajafikiria mashine yoyote.